Kutoa upepo kwenye breki pekee hakutoshi

Mhariri,

Naomba kuwakumbusha mafundi wa Mtwara kwamba pedali ya breki ya Land Rover ya zamani inaweza kuzama hata kama mabomba ya mafuta ya breki hayana upepo (hewa iliyonaswa ndani), endapo viatu vya breki za ngoma, yaani vipande vinavyobana ngoma ya chuma inayozunguka na gurudumu, havijakazwa kwanza vikaribie ngoma hiyo. Yangu ilitolewa upepo mara tatu, na mara zote nililipa! Baada ya kukaza, upepo hutolewa kuanzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda (pampu kuu ya breki inayosukumwa na pedali), yaani la nyuma kushoto kwa magari yetu yenye usukani wa kulia. Tena mafuta ya breki ya kopo lililoachwa wazi yasitumike, kwa kuwa hunyonya unyevu na kuchemka mapema, breki zikashindwa kushika, hatari kubwa kwa anayeteremka kutoka Newala na shehena ya korosho.

Msomaji wako,
Mtwara