Fundi, nirudishie thamostati yangu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua niseme na mafundi magari wa jiji hili, hasa wa gereji za chini ya mwembe, kwa sababu hao ndio wangu. Gereji zenye viyoyozi na kahawa ya bure sijawahi kuingia, na kwa Passo ya mwaka 2006 nadhani hata mlinzi angenicheka getini.

Mimi ni mwoka keki, naishi Segerea. Passo hiyo niliinunua mwaka 2018 ikiwa imeshapita mikono miwili ninayoijua na mingine nisiyoijua. Ni gari dogo la silinda tatu, cc 996, lakini ukilaza viti vya nyuma keki ya sendofu ya ngazi tatu inakaa pamoja na nguzo zake. Nasikia kwa Kitaliano passo ni hatua. Yangu kwa muda mrefu ilikuwa hatua moja mbele, mbili kwa fundi.

Kisa chenyewe kilianza Februari ya mwaka jana, lile joto ambalo hata siagi haigandi mezani. Nikawa naona maji chini ya gari kila asubuhi, upande wa mkanda. Fundi wangu akachungulia, akasema ni pampu ya maji imeanza kulia, ila bado inavumilia, niwe naongeza maji tu. Nikaongeza. Maji yenyewe ya kisima cha mtaani kwetu, yana chumvi kiasi kwamba hata chai hayapiki, lakini mimi nikayamimina kwenye rejeta wiki nzima bila kujiuliza. Hilo ni kosa langu, silisukumi kwa mtu. Fundi aliwahi kuniambia ninunue kulanti, yale maji maalumu ya kupozea injini, nikamjibu kwa nini nitoe Sh25,000 kununua maji ya rangi wakati kisima kipo.

Jumamosi ya pili gari likachemsha kwenye foleni ya mataa ya Buguruni, saa 9 alasiri, keki ya Mbagala ikiwa nyuma. Taa nyekundu ikawaka, moshi ukatoka kwenye boneti, vijana wa bodaboda wakaja mbio mmoja akitaka kufungua mfuniko wa rejeta papo hapo. Nilimzuia kwa kelele ambazo sikujua ninazo. Keki ilimalizia safari kwa bajaji. Bibi harusi alikata keki iliyoinama kama mnazi wa ufukweni, na mimi nikarudisha nusu ya hela yao bila kuombwa.

Fundi alibadilisha pampu. Katika kufungua na kufunga alifanya na mambo mawili ambayo hakuniambia siku ile: alitoa thamostati, kile kifaa kinachozuia au kuruhusu maji ya injini kwenda kwenye rejeta, na akafunga feni ya rejeta direkti, yaani ukiwasha gari tu feni nayo inazunguka mpaka unapozima. Nilipokuja kumuuliza baadaye alinijibu kwa upole kabisa: “Mama Keki, hiyo thamostati ni ya nchi za barafu. Huku kwetu joto lote hili ya nini? Inakuchemshia gari bure.” Na kweli, gari halikuchemsha tena. Nilimsifia mtaa mzima.

Sasa Passo haina ule mshale wa joto. Ina taa ya bluu inayokuambia injini bado ya baridi, na nyekundu inayokuambia umechelewa. Ile ya bluu ilikuwa ikizima kabla sijafika barabara kuu. Siku moja nikaenda Kibaha saa 11 alfajiri na oda ya ubarikio. Segerea, Kinyerezi, Mbezi, Kibamba, mpaka napita Maili Moja taa ya bluu inaniangalia tu. Fundi akacheka: “Bluu siyo nyekundu mama. Ikikaa bluu ujue gari lina afya.”

Mhariri, mimi nina daftari. Ni la keki, limejaa unga na alama za mayai, lakini kurasa za nyuma naandika gari: kilomita, lita, hela. Kabla ya Februari, mafuta ya Sh30,000 yalinitosha Jumatatu hadi Jumamosi, nikipata kilomita 15 kwa lita. Baada ya matengenezo yale ikawa 12. Mwanzoni nikadhani sheli wananipunja, nikahama sheli. Nikadhani ni foleni. Nikabadilisha plagi na chujio la hewa, nikapima upepo wa matairi. Bado 12.

Aliyenifumbua macho ni kijana mmoja wa mtaa wa Kimanga aliyesomea ufundi VETA pale Chang'ombe. Nilimpelekea kelele ya maunti, yaani vishikio vya injini, ambazo kwa silinda tatu huchoka mapema, akafungua rejeta kabla hata sijamaliza kueleza. Maji yaliyotoka yalikuwa rangi ya chai ya rangi. Akaniuliza, “Shikamoo mama, samahani, thamostati yako iko wapi?” kama daktari anayemuuliza mgonjwa bandama lake limekwenda wapi.

Akanieleza kwa lugha ya jikoni, na nitaieleza hivyo hivyo. Thamostati ni mlango. Injini ikiwa baridi mlango umefungwa, maji hayaendi kwenye rejeta, injini inapata moto haraka. Ikishapata, mlango unafunguka kidogo kidogo, maji yanakwenda kupoa. Ukiutoa, umeamua kuoka keki mlango wa oveni ukiwa wazi. Kompyuta ya gari inapima maji, inaona baridi, basi inamwaga petroli ya ziada kama vile kila saa ni alfajiri. Petroli nyingine isiyoungua inateremka kwenye oili na kuifanya nyepesi.

Na hili la nchi za barafu nimelitafakari sana. Dar ikichemka kweli kweli ni nyuzi 34, 35. Thamostati ya gari kama langu huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Kwa injini, Segerea na Ulaya zote ni baridi. Kama ingekuwa pambo la wazungu, Wajapani wasingehangaika kuiweka kwenye magari ya Okinawa.

Basi nikaenda Kariakoo, upande wa Gerezani. Winga, yaani dalali wa mtaani, akanidaka kabla sijavuka barabara, akanipeleka duka ambalo thamostati ilikuwa Sh12,000, “mpya ya boksi.” Nikanunua. Kijana wa Kimanga akasema nisiifunge kabla ya kuipima. Kuipima vipi? Kwa sufuria. Hapo ndipo nilipofurahi, maana vifaa vyote nilikuwa navyo: jiko la gesi, sufuria, na kipimajoto changu cha kupikia karameli. Unaifunga kwa uzi, unaining'iniza ndani ya maji isiguse chini, unawasha moto mdogo, unatazama.

Ile ya Sh12,000 ilifika nyuzi 82, kimya. Tisini, kimya. Maji yakatokota, mvuke ukajaa jikoni, mwanangu wa mwisho akauliza tunapika nini, na yenyewe imefumba mdomo kama mgonjwa anayekataa dawa. Ningeifunga hiyo, gari lingechemsha siku ya kwanza, na fundi wangu wa zamani angesema, si nilikwambia? Nadhani hapo ndipo imani yao inapotoka. Wameona thamostati mbovu nyingi zikiua injini mpaka wakahukumu ukoo mzima. Siwalaumu kwa hilo kama ninavyowalaumu kwa kuitoa bila kumwambia mwenye gari.

Duka lilikataa kuirudisha; bango la “iliyouzwa hairudishwi” lilikuwa kubwa kuliko jina la duka. Nikarudi bila winga, duka lingine, nikatoa Sh45,000. Hii ilikuwa na 82 imegongwa kwenye chuma chake. Sufuriani ilipofika 83 kwa kipimajoto changu ikaanza kupanua mdomo polepole, nikaita watoto waje waone. Nilipozima moto ikafunga.

Kijana akasafisha mfumo mara tatu kwa maji safi, akaifunga, akaweka kulanti ya pinki iliyochanganywa tayari, feni akairudisha kwenye mfumo wake. Hiyo direkti nayo, kumbe, ilikuwa inamaliza mota ya feni na kuipa alteneta kazi ya bure. Alinitoza Sh40,000, nikampa na keki ya ndizi. Wiki ya pili daftari likasoma 14 na nusu. Taa ya bluu siku hizi inazima kabla sijafika lami.

Nimepiga hesabu. Kila wiki nilikuwa naongeza mafuta ya kama Sh7,500 zaidi ya zamani, kwa wiki 28. Hiyo ni Sh210,000 imetoka kwenye moshi, na humo ndani mna kodi, maana tangu mwaka 2017 ada ya leseni ya gari ya kila mwaka ilipofutwa, tozo ilihamishiwa kwenye lita. Thamostati, hata ukijumlisha na ile feki, ni Sh57,000.

Ninachoomba kwa mafundi hakihitaji sheria wala semina. Mkitoa kitu kwenye gari la mtu, mwambieni siku hiyo hiyo, na mmkabidhi mkononi, hata kama ni kibovu, hata kama kina kutu. Andikeni kwenye kipande cha boksi la spea: tumetoa hiki, tumeweka hiki. Na sisi wateja tuache kauli yetu ile ya “fundi, we lifanye tu litembee.” Mimi nimeisema mara nyingi, na ukiisema unapata hicho hicho: gari linatembea.

Fundi wangu wa kwanza anasoma gazeti hili, huwa namkuta nalo pale kwenye benchi. Sina ugomvi naye, pampu aliyofunga mpaka leo haijatoa tone. Ila namjua hatupi kitu. Thamostati yangu ya zamani itakuwa kwenye lile kopo la maziwa lenye boliti, chini ya meza. Naomba anitafutie. Sufuria bado ninayo, nataka kuichemsha nione kama ilikuwa mbovu kweli.

Mwoka keki,
Segerea, Dar es Salaam