Asante sana, kaka wa shati la bluu

Jumanne iliyopita wahitimu zaidi ya ishirini tuliitwa kwenye usaili wa siku nzima, kampuni moja kubwa pale Posta, Dar es Salaam. Mvua ilinikuta nikishuka mwendokasi Kivukoni. Nilifika nimelowa chapachapa, bahasha ya vyeti inachuruzika maji, wino wa barua ya maombi umeanza kusambaa. Machozi yalinilenga.

Kaka mmoja, naye msailiwa, akanyanyuka kitini. Hakuuliza maneno mengi. Alichukua bahasha, akaenda kwenye mashine ya kukaushia mikono, akapitisha nakala mojamoja, akanirudishia zimekunjamana lakini zinasomeka. Akanipa na kalamu, maana yangu iligoma, tukaingia kwenye mtihani wa hesabu.

Kilichonigusa zaidi ni mjadala wa kikundi. Tulikuwa sita mezani, wasimamizi wawili pembeni wanaandika kila tunachofanya. Kila nikifungua mdomo nakatishwa. Yeye akasema taratibu, "Samahani jamani, dada alikuwa na hoja, tumsikilize." Nikapata dakika yangu, nikaeleza hoja yangu yote. Na alijua fika kwamba tunagombea nafasi zilezile!

Wenzangu mnaokwenda kwenye usaili, mkimwona mtu anafunikwa na sauti za wengine, mpeni nafasi aseme.

Kaka, jioni uliondoka kabla sijakuuliza jina. Majibu hayajatoka, nakuombea uitwe. Kalamu yako nyeusi ninayo, nimeitunza.