Shoga, dafu langu

Shoga angu, za Maskati? Nisamehe kwa kimya, simu ilikuwepo ila mkono ndo haukuwepo, hapa kwenyewe nabonyeza kwa dole la kushoto kama mtoto wa chekechea.

Operesheni ilipita salama, titi limetoka na tezi za kwapani pia. Nikarudi nyumbani na ule mpira wa ubavuni wa kutolea majimaji ya kidonda na kichupa chake, nimekibana kwa pini ndani ya dera, kila asubuhi nasoma mililita naandika kwenye daftari la vikoba. Mwanzo rangi ya juisi ya rozela, mtoto wa wifi akauliza hiyo ya nani, nilicheka mpaka mshono ukavuta.

Iliposhuka chini ya 30 kwa siku wakautoa. Nikajua nimemaliza. Siku ya nne naoga, naskia kitu kinacheza chini ya ngozi, chubwi chubwi, kama unavyotikisa dafu. Nikasema basi, kansa imerudi. Sikulala, na sikumwambia mtu, ningemwambia nani, Mama Zai?? Kumbe ni maji tu, palipokatwa panabaki uwazi yanajikusanya humo. Daktari kayavuta kwa bomba la sindano, rangi kama ya mafuta ya kula, wala sikuskia maumivu maana pale pana ganzi bado. Wiki iliyofuata yakajaa tena, kavuta tena, sasa naona yamekata. Ila shoga, mtu angeniambia mapema neno moja tu kwamba hii huwa inatokea!

Sasa mkono nao umevimba, bangili haipiti, jioni unakuwa mzito kama si wangu. Wifi kaja na beseni la maji ya moto na chumvi anikande, nimemkatalia, kliniki wamesema joto hapana, na presha nipimwe mkono mwingine. Kwa mazoezi natambaza vidole ukutani, juzi nimefika kwenye swichi ya taa. Usiku ule wa dafu lakini, acha tu.

Nina shida moja. Wanataka nivae soksi ya mkono, ile ya kubana, za huku zinapwaya. Dada wa mazoezi kanipima asubuhi: kifundo sentimita 19, chini ya kiwiko 28, juu 36. Huko maduka ya dawa zipo? Bei gani? Usichukue ile wanayoita rangi ya ngozi, ngozi ya nani hiyo? Unakuja kabla ya Ramadhani au bosi kabadilika tena? Na mama yako ulimwambia habari zangu?