Mwanangu, Isimila na mvua hizi?

Kamwene mwanangu,

Nimeona meseji yako kwenye grupu la familia, eti Ijumaa mnatoka Dar na wenzako mnaenda Isimila, kule karibu na Iringa, kuangalia zile nguzo za mchanga zilizosimama korongoni. Sawa. Ila huu ni mwezi wa tatu, na huku mvua haijatuacha, njia ya sokoni imekuwa tope tupu, sasa nyie korongoni mnashukaje? Nimekupigia unaniambia mama acha presha, pale ni sehemu ya watalii. Kwani maji yanamjua mtalii?

Lile korongo limechimbwa na maji. Ni wewe uliyenielewesha, maana likizo yote ulikuwa huna habari nyingine, kwamba zamani pale palikuwa na ziwa la kina kifupi, likajaa mchanga na matope tabaka juu ya tabaka mpaka likakauka, halafu kijito kikaanza kukata kwenda chini. Na nguzo zimebaki zimesimama kwa sababu juu zina tabaka gumu limekinga lile laini la chini, kama mtu aliyejifunika beseni kichwani kwenye mvua, pembeni kote kunaloa yeye anabaki mkavu. Nilikuelewa vizuri tu. Sasa na wewe nielewe mimi, kile kijito hakijamaliza kazi yake. Bado kinachimba, na kinachimba masika, wakati huohuo mnaoenda nyie.

Usiangalie wingu la hapo uliposimama. Mvua inapiga huko juu wewe hata tone hulioni, ukija kushtuka maji yameshafika na matawi na mawe yote. Sisi tuliokulia huku makorongo tunayajua. Mtembeza wageni wa pale akisema leo hatushuki, hamshuki, mnaangalia yale mashoka ya mawe ya watu wa kale kwenye makumbusho mnaondoka zenu. Usianze ubishi wako wa chuo.

Na usipande nguzo kupiga picha, nakujua. Ule ni mchanga ulioshikana tu, ukilowa unamomonyoka mkononi, na lile tabaka la juu likidondoka nguzo imekwisha, mvua itaila mpaka ilingane na chini. Usisimame chini yake pia. Na usiokote jiwe hata dogo, najua utaniambia yule aliyeyagundua yale mashoka mwaka 1951 alikuwa mwanafunzi kama wewe tena kutoka Afrika Kusini anapita njia tu, lakini siku hizi ni mali ya serikali na mimi sina hela ya faini.

Ile picha ya Marekani uliyotuma, ya Bryce Canyon kwenye nguzo za mwamba kama hizi, baba yako ameionesha kilabu kizima, maana ulanzi umeiva na nyumbani tunamuona usiku tu. Watu wanamuuliza binti yako yuko huko, anajibu bado, anajiandaa. Nikamsikia anawaeleza kabisa, kwamba huko Utah maji yanaingia kwenye nyufa za mwamba, usiku yanaganda, yakiganda yanavimba yanapasua, mchana yanayeyuka tena, na hivyo hivyo zaidi ya siku 150 kila mwaka. Alijisikia sana siku hiyo. Mimi nikawaza kingine. Isimila hakuna barafu, kwa hiyo kazi yote ile kaifanya nani? Si mvua hiyohiyo unayoniambia niache presha?

Kwani mwezi wa nane kuna nini? Kunakuwa kukavu, korongo limetulia, mnatembea humo mpaka mchoke. Ila nyie mkishachangishana nauli hamsikii la mtu.

Na siku ile kwenye simu nilipandisha sauti, bando lilikuwa linaisha nikataka kumaliza haraka. Ulikata au ilikatika yenyewe? Basi.

Halafu kitu kingine, kutoka Isimila mpaka hapa Mafinga ni kama kilomita 60, barabara ya lami hiyohiyo ya kwenda Mbeya, kosta zinapita muda wote. Mwanangu unatoka Dar yote hiyo unakuja kuangalia mchanga unageuza? Kwenye ratiba yenu sijaona Mafinga. Mbolea imepanda tena, nimeweka nusu ya shamba tu, lile la juu nimeacha. Dari la chumba chako linavuja upande wa dirisha, fundi kachukua hela ya mbao hajarudi. Jogoo mkubwa yupo, nimewakatalia wateja wawili, lakini anakula mahindi ya watu bure na siwezi kumfuga mpaka Krismasi, niambie unakuja au nimuuze.

Mkitoka korongoni nipigie hapohapo, sio mpaka mfike mjini. Kandambili usivae, vaa zile raba nyeusi.

Mama