Mhariri, siafu sio mchwa jamani

Mhariri salaam, juzi mmeandika kwamba siafu ni "mchwa wakali", aisee hapo mmetuangusha, mchwa yuko upande wa mende huko, siafu ni sisimizi kabisa, ndugu zake ni nyuki na nyigu, na ukoo wake ni nusufamilia, yaani tawi ndani ya familia ya sisimizi, inaitwa Dorylinae.

Sasa hawa viumbe wana mambo. Siafu wafanyakazi hawana macho kabisa, wanafuata harufu tu, kiota cha kudumu hawana, chakula kikipungua wanabeba mabuu yao wanahama. Malkia hana mbawa maisha yake yote na hakuna sisimizi anayemfikia kwa ukubwa. Askari akishakung'ata ukamvuta kwa nguvu, mwili unatoka kichwa kinabaki kwenye ngozi, bado kimebana.

Ila kichekesho ni dume. Si mnalionaga lile dudu la kahawia msimu wa mvua, tumbo kama soseji, macho makubwa, linajigongagonga kwenye taa usiku na watu wanakimbia wakidhani nyigu? Ndo yeye, na wala hana mwiba. Msiwacheke lakini, maana hata Linnaeus mwenyewe, yule mwanasayansi wa Sweden aliyeweka utaratibu wa majina ya viumbe, mwaka 1764 alimwandika kama nyigu, Vespa helvola, leo anaitwa Dorylus helvolus. Dume huyo akiukuta msafara wa siafu wanamkata mbawa wanamburuta mpaka kwa malkia.

Kwenye kuwapanga hata wataalamu walihangaika. Siafu wa Afrika walikuwa na nusufamilia yao, wale wanaohamahama wa Amerika kina Eciton walikuwa na ya kwao, sisimizi wengine kina Aenictus ya kwao, mpaka 2014 mtafiti Brady na wenzake walipopima DNA nusufamilia sita zikawa moja, likabaki jina Dorylinae kwa kuwa ndo la zamani kuliko mengine. Mimi naona walifanya vizuri, ila sasa msije mkaandika kila Dorylinae ni siafu, humo kuna vijisisimizi vya makundi madogo tu, vingine vina macho, kazi yao kuvamia viota vya sisimizi wenzao na kula watoto.

Halafu ile picha yenu mliyoiweka kwenye habari hiyo, hao sio siafu. Wale walioshona majani ni majimoto, sisimizi wa nusufamilia nyingine, Formicinae, wanarusha asidi, na macho yao yanaonekana waziwazi hapo hapo pichani.

Msomaji wenu wa siku nyingi