Mpwa wako analala chumba chenye dirisha gani?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika safu yako ya barua. Hivi karibuni msomaji mmoja aliandika humu akijivunia mpwa wake aliyepata chumba cha bei nafuu Marekani, "chini ya nyumba, kina joto na utulivu". Barua ile nimeisoma mara mbili. Naomba nimjibu yeye, na wazazi wengine wasikie.

Mimi ni mzaliwa wa Ngamiani, Tanga. Naishi Cedar Rapids, jimbo la Iowa, mji ambao upepo ukigeuka unanukia nafaka za kifungua kinywa zinazotengenezwa viwandani. Huku nyumba nyingi zina besimenti, yaani chumba kizima kilichochimbiwa ardhini. Chanzo chake ni baridi. Ardhi huganda, kwa hiyo msingi lazima ushuke zaidi ya mita moja usije ukanyanyuliwa na barafu. Mtu akishachimba kiasi hicho, huona bora aendelee mpaka apate chumba. Humo huwekwa tanuri la gesi la kupasha nyumba joto, tangi la maji moto, mashine ya kufulia, sanduku la umeme, na mara nyingi jamaa aliyefika juzi kutoka nyumbani.

Nilinunua nyumba yangu mwaka 2017. Aliyeniuzia alikuwa amepaka kuta za chini rangi nyeupe mpya, za chini peke yake, nami sikujiuliza kwa nini. Theluji ilipoyeyuka rangi ikafanya malengelenge, zulia likanuka kama nguo zilizosahauliwa kwenye ndoo. Sisi tumelelewa na methali ya ufa na ukuta, basi nikaziba ufa. Maji yakatokea pale ukuta unapokutana na sakafu. Nikaziba na hapo, yakatokea kona ya pili. Miezi miwili ikapita hivyo, na pesa za kutosha kuezeka banda.

Fundi mmoja mzee niliyemwita hakushuka hata chini. Alizunguka nyumba kwa nje mvua ikinyesha, akanyoosha kidole juu. Gata lilikuwa limejaa majani, maji yanafurika ukingoni, na bomba la kuyashusha lilikuwa linatapika miguuni mwa ukuta. Maji ya paa zima nilikuwa nikiyaelekeza mwenyewe chumbani kwangu! Tukasafisha gata, tukarefusha bomba likamwage mita mbili kutoka ukutani, tukajaza udongo kuzunguka msingi uteremke kwenda nje, sentimita 15 katika mita 3 za kwanza. Kazi ya Jumamosi mbili. Ukuta ukakauka bila mimi kugusa tena saruji. Zulia tulilitupa, likishalowa siku mbili ukungu huota, na ukungu ule humkohoza mtoto.

Yakabaki maji ya ardhini yenyewe. Kwa hayo kuna shimo kwenye kona ya sakafu, ukubwa wa pipa dogo, na ndani yake pampu yenye boya. Maji yakipanda, boya nalo hupanda, pampu huwaka, huyatoa nje, hunyamaza. Usiku wa mvua mimi hulala nikiisikiliza kama mtu anayesikiliza pumzi za mtoto mwenye homa. Ubaya wake, inakula umeme, na umeme hukatika siku ileile ya dhoruba.

Tarehe 10 Agosti 2020, mchana, ving'ora vililia tukakimbilia hukohuko besimenti, maana upepo ukija hakuna mahali salama zaidi ndani ya nyumba. Ulikuwa upepo wanaouita derecho, na wataalamu walikadiria kasi yake ilifika kilomita 225 kwa saa katika sehemu za mji wetu. Tulipotoka, miti ya mtaa mzima imelala. Umeme wetu ulirudi siku ya tisa. Mvua ya siku ile haikuwa kubwa sana, nadhani ndiyo pona yetu, lakini usiku nilishuka na tochi nikakuta maji ya shimoni yamebakiza shubiri moja kufika sakafuni, na pampu kimya. Marehemu baba alikuwa mvuvi. Nikamwamsha mwanangu, tukaanza kufua maji kama tuko ngalawani, yeye akiteka kwa kopo, mimi nikipanda ngazi na ndoo kwenda kumwaga barabarani. Alfajiri akaniuliza kama hii ndiyo Marekani ninayomsimulia bibi yake kwenye simu.

Sasa pampu ina betri yake ya akiba, na kila mwezi naimwagia ndoo ya maji nione kama boya linaamka. Jenereta sikununua. Kuna watu huiwasha besimenti au gereji ili isiibiwe, na hewa yake ya sumu haina harufu, hawaamki.

Mama alikuja kututembelea mwaka 2022. Tulimwandalia chumba cha chini, kikavu, shuka mpya. Alisimama katikati ya ngazi.

"Mwanangu, umenichimbia kabisa?"

"Hapana mama, ni chumba tu. Kina kila kitu."

Akatazama kidirisha kilichokuwa karibu na dari, ukubwa wa sinia ya chai. "Na moto ukiwaka hapa ngazini, mimi natokea wapi?"

Sikuwa na jibu. Kanuni za ujenzi za huku zinalo: chumba cha kulala cha besimenti kiwe na dirisha la kutokea, ukingo wake wa chini usizidi sentimita 112 kutoka sakafuni, na uwazi wa kumpitisha mtu mzima. Nyumba nyingi za zamani hazina. Mama akalala chumba chetu, sisi sebuleni, mpaka ukuta ukakatwa kuwekwa dirisha hilo.

Swali lake si la moto peke yake. Usiku wa tarehe 1 Septemba 2021, mabaki ya kimbunga Ida yalimwaga milimita 80 za mvua kwa saa moja katika bustani ya Central Park, New York. Watu 13 walikufa jijini humo, na 11 kati yao walikuwa kwenye vyumba vya besimenti, wengi eneo la Queens. Maji yakishajaa upande wa pili wa mlango, huna nguvu za kuufungua. Na ukikuta maji yamefikia soketi za umeme, usitie mguu, hata kama pasipoti yako inaelea humo.

Halafu kuna radoni, gesi isiyoonekana wala kunuka, inayotoka kwenye urani iliyomo udongoni na kupenya kwenye nyufa. Nchini Marekani gesi hii ni ya pili baada ya sigara kwa kuleta saratani ya mapafu, na wilaya zote za Iowa zimo katika kundi la hatari kubwa. Serikali inashauri nyumba irekebishwe kipimo kikifika pikokuri 4 (kizio cha kupimia mionzi) kwa lita ya hewa. Yangu ilisoma 11. Mimi sijawahi kuvuta hata sigara moja. Tuliwekewa bomba linaloivuta kutoka chini ya sakafu hadi juu ya paa, feni yake ikizunguka usiku na mchana, na kipimo kikashuka chini ya 2.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, mpigie mpwa wako. Muulize kama anaweza kutoka kwa dirisha bila kuvunja kitu, ajaribu kweli, asijibu akiwa amekaa kitandani. Muulize shimo la pampu liko wapi na nani huliangalia. Kisha mwambie anunue kipimo cha radoni. Mimi changu hakikufika dola 30, na kodi anayookoa inatosha kabisa.

Akishakujibu, andika tena humu utujulishe.

Mzaliwa wa Ngamiani,
Cedar Rapids, Iowa.