Barua kwa vijana mnaohesabu tumbusi wa Kwenia

Wanangu,

Salamu zangu ziwafikie nyote mnaokwenda kwenye majabali ya Kwenia na darubini na daftari. Kazi yenu naithamini sana, ndiyo maana nawaandikia mbele ya watu wote.

Msianze na ndege. Anzeni na mwenye ng'ombe.

Tumbusi wa huku Kajiado hawafi kwa kuchukiwa. Simba au fisi huingia bomani usiku, akaua ng'ombe wa maziwa aliyekuwa akilipa karo, na asubuhi mwenye mali, kwa uchungu wake, anamwagia mzoga dawa ya wadudu. Amemkusudia simba. Lakini tumbusi huuona mzoga mapema, tena hawaji wawili watatu, wanashuka kwa makumi. Na tumbusi wa Rüppell, aina ile inayozaa majabalini Kwenia, hutaga yai moja tu kwa msimu, baba na mama wakilea pamoja. Mmoja akifa porini, kinda kule jabalini naye amekaribia kufa.

Watafiti waliohesabu ndege barabarani miaka ya 1970, kisha tena kati ya 2003 na 2020, walikuta aina 19 kati ya 22 za ndege walao nyama na mizoga zimepungua Kenya. Takwimu hizo wapeni wakubwa wa ofisini. Mfugaji mwambieni yaliyoonekana kwenye utafiti wa Laikipia, kaskazini mwa Nairobi: mizoga iliyokosa tumbusi ilichukua karibu mara tatu ya muda wake kuisha, na fisi na bweha wakazidi kukusanyika hapo. Mkusanyiko wa namna hiyo ndipo wanyama huambukizana. Mfugaji anajua maana ya kimeta na kichaa cha mbwa, hamna haja ya kumfundisha.

Basi mkisikia ng'ombe kaliwa, fungeni daftari mwende. Mpeni pole, kaeni naye, msaidieni kupiga ripoti KWS, shirika la serikali la wanyamapori, kisha mkate miba mzibe boma kabla ya jioni. Habari za ndege siku hiyo msizitaje kabisa. Mtu anayelilia ng'ombe ukimuuliza tumbusi, ataona ndege wako wana thamani kuliko watoto wake, na siku jirani yake akishika sumu hatawaambia. Yule mliyetobolewa naye na miba ndiye atakayewapigia simu alfajiri. Kina mama nao msiwapite, kwani wao wanaokamua hujua hasara ya boma kabla ya sisi wazee.

Mkikuta mzoga wenye sumu, msiuguse kwa mikono mitupu. Zuieni mbwa na watoto, iteni askari wa wanyamapori, na msiondoke mpaka wafike. Ndege waliokufa wateketezwe pia, maana anayewala naye hufa. Picha za viota msizirushe kwenye WhatsApp. Afrika Magharibi vichwa vya tumbusi huuzwa kwa uganga, na picha haina mpaka.

Na siku msipoona ndege hata mmoja, andikeni sifuri. Naona wengine mnaruka ukurasa kwa kukata tamaa, ilhali sifuri hiyo ndiyo itakayotuonyesha wapi pameharibika.

Kuna maboma upande wa chini ambako hamjakaribishwa bado. Njooni mnichukue, twende pamoja. Wazee wa rika langu wananisikiliza, nami nitazungumza kwanza.

Mzee wenu, Kajiado